PD-1, KLRG1, NKG2A au TIGIT: ushike breki ipi kama tishu yako ni ya epithelia

Jumatatu proposo inasema PD-1, Jumatano imegeuka TIGIT kwa sababu kuna mtu katuma pepa mpya kwenye grupu, Ijumaa supavaiza kadondosha neno "kwani NKG2A umeiangalia?", na wikiendi nzima mtu yuko na laptop anaandika anafuta anaandika. Nimeyaona haya kwa wenzangu kadhaa na mimi mwenyewe nilikuwa hivyohivyo, kichwa cha utafiti wangu kilibadilika mara tatu kabla sijagusa hata tone moja la damu. Kwahiyo naandika kwa ambao mmekwama hapo hapo: mnataka kusoma jinsi seli za kinga zinavyopigwa breki zikifika kwenye epithelia, yaani zile kuta za mwili kama ngozi, utumbo, umio, mapafu, mlango wa kizazi, na mna vipokezi vinne mezani hamjui mshike kipi.

Breki yenyewe kwanza, fasta. Seli T au seli NK (hao ndo askari wa kinga wanaoua seli mbovu) ikikutana na seli ya ukuta inasikia "piga" na "acha" kwa wakati mmoja. Kipokezi cha "acha" kina mkia unaoingia ndani ya seli, na kwenye mkia kuna kipande kinaitwa ITIM chenye tairosini, tairosini hiyo ikibandikwa fosfeti inaita vimeng'enya kama SHP-1, SHP-2 au SHIP-1 ambavyo kazi yao ni kuzima ishara za "piga". Kwa upande huo wa ndani wote wanne ni watoto wa baba mmoja. Wanapoachana ni nje, kwenye kile kila mmoja anachokishika juu ya seli ya ukuta, yaani ligandi.

Na mimi naona uamuzi uanzie hukohuko kwenye ligandi. Watu wengi tunachagua kipokezi kama jezi, tunachukua kinachovuma, afu tunaanza kuhangaika na sampuli. Geuza. Jiulize tishu ninayoweza kuipata kweli, kwa hali itakayonifikia mkononi, inabeba ligandi ya nani, na nikishaisafisha na kuikata ligandi hiyo itakuwa bado ipo?

Kwahiyo wote wanne nitawapima kwa mambo manne yaleyale: ligandi inakaa wapi na inatokea lini, breki ina nguvu gani na inaeleweka kiasi gani, ugonjwani na kwenye dawa kuna nini tayari, na mezani maabara inasumbua wapi. Mwisho wa kila mmoja nasema anamfaa nani. Nimetumia muda mwingi kwa KLRG1 na PD-1 kwa sababu ndo nilizozishika kwa mikono yangu, msinilaumu.

KLRG1, anayepapasa mshono

Ligandi. Hii inashika E-kadherini, protini inayounganisha seli moja ya ukuta na jirani yake kama saruji kati ya tofali na tofali. Tofauti na PD-L1, ligandi ya PD-1 tutakayoiona chini, E-kadherini ipo muda wote kwenye epithelia yenye afya, haisubiri ugonjwa. Ndugu zake N-kadherini na R-kadherini nazo zinashikwa. Sasa kuna kitu hapa kinanifurahisha kila nikikisoma: umbo la KLRG1 ikiwa imeikumbatia E-kadherini lilichapishwa 2009, na likaonyesha inakaa kwenye ncha ileile ambayo E-kadherini anaitumia kushikana na mwenzake wa seli ya jirani. Maana yake E-kadherini aliyekwishashikana na mwenzake hana mkono wa kumpa KLRG1. Afu yuko ubavuni mwa seli, chini ya ule mshono wa juu kabisa, hayuko upande unaotazama chakula. Kwahiyo askari anayetaka kumpapasa lazima awe ameshajipenyeza katikati ya seli za ukuta, na waliojipenyeza wapo, kwenye utumbo mdogo wa mtu mwenye afya utahesabu kama 10 mpaka 20 kwa kila seli 100 za epithelia.

Ila subiri. Wengi wa hao waliojipenyeza wana CD103, ambayo nayo inashika E-kadherini huyohuyo (hilo linajulikana tangu 1994), ila yenyewe ni ndoano ya kung'ang'ania ukutani, sio breki. Na mara nyingi mwenye CD103 nyingi hana KLRG1 nyingi. Kwa panya imeonekana kabisa kwamba seli T zinazokuja kuhamia kwenye tishu zinatoka kwenye kundi lisilo na KLRG1. Wenye KLRG1 kibao wako kwenye damu wanazunguka, mbali na ukuta wenyewe. Yaani kipokezi kinachosoma ukuta kimejaa kwa askari asiyelala ukutani. Wengine hapo wanakata tamaa na kubadilisha mada, mimi nadhani ndo hapo pana swali zuri: huyu anayepita anasoma nini, na anasoma wakati gani, mlango ukiwa umevunjika au ukiwa mzima?

Breki. Tuseme ukweli, ni dhaifu. ITIM moja tu, na kushikana kwake na E-kadherini ni kwa kulegea, kwa kiwango cha maikromola. Makundi mawili ya watafiti yalitangaza ligandi hii mwaka 2006 na yakaonyesha kweli seli NK na seli T zinapoa zikikutana nayo, lakini panya waliotolewa jeni ya KLRG1 walipochunguzwa, 2010, hawakuwa na kasoro kubwa ya kuonekana. Kwahiyo ukiweka KLRG1 kwenye proposo jiandae kuulizwa "hii ni breki au ni alama tu?", maana wengi wanaitumia kama alama ya seli iliyokomaa na kuchoka, sawa na alama nyingine iitwayo CD57, bila hata kutaja E-kadherini.

Ugonjwani. E-kadherini inapotea kwenye saratani ya matiti ya aina ya lobula, kwenye saratani ya tumbo ile ya kusambaa, na popote seli ya ukuta inapojigeuza ili ihame. Virusi vya HPV 16 navyo kupitia protini yao E6 vinashusha E-kadherini kwenye seli za ngozi na za mlango wa kizazi. Mtu anaweza kusema basi uvimbe ukipoteza E-kadherini umeiondoa breki wenyewe, lakini uvimbe huohuo mara nyingi unapandisha N-kadherini, ambayo KLRG1 inaishika vilevile. Kabadilisha viatu tu. Dawa ya saratani inayolenga KLRG1 iliyoidhinishwa hakuna.

Mezani. Hapa ndo nililia. Nilikuwa nimekuza Caco-2, zile seli za utumbo zinazohitaji kama siku 21 mpaka ziive na kuwa ukuta kamili, siku 21 mzee, na umeme unakatika na unakimbia kuangalia inkubeta saa nne usiku. Siku ya siku nikamwaga tripsini (kimeng'enya cha kubandua seli) yenye EDTA kama tulivyofundishwa, zikatoka safi zimeachana moja moja, nikaweka antibodi ya E-kadherini, nikapitisha kwenye flo, ile mashine inayosoma seli moja moja kwa rangi za antibodi. Hamna kitu. Mstari umelala kama kontroo. Nikarudia na antibodi mpya, hamna kitu. Kumbe kadherini zinasimama kwa kalsiamu (Masatoshi Takeichi wa Japani alishalionyesha hili miaka mingi kabla sijazaliwa kimaabara), kalsiamu ikiwepo tripsini haiigusi E-kadherini, EDTA ikiichota kalsiamu tripsini inamkata kichwa. Nilikuwa nimemnyoa ligandi kwa mikono yangu mwenyewe. Nilipotumia tripsini isiyo na EDTA na kuongeza kalsiamu, E-kadherini ikabaki, ila sasa seli hazikuachana, zilibanduka kama utando wa maziwa kwenye sufuria, na utando haupiti kwenye flo. Ikabidi nihamie kwenye hadubini, na kwa kweli ni pale ambapo ningeanza.

Na tego lilelile liko sehemu mbili zaidi. Bafa ya kuoshea seli za flo mara nyingi ina EDTA, kwahiyo kama unapima KLRG1 ikishika E-kadherini ndani ya bafa hiyo unapima hewa. Na njia ya kawaida ya kutoa seli T za ndani ya epithelia kwenye kipande cha utumbo ni kukitikisa kwenye EDTA ili ukuta ubanduke, yaani unavunja mazungumzo ili uhoji waliokuwa wanazungumza.

Anamfaa: mwenye hadubini nzuri na vipande vya tishu, anayependa swali la umbo na mahali, na asiye na haraka ya kuunganisha na dawa. Kama una miezi minane tu na flo peke yake, utateseka.

PD-1, anayeambiwa "inatosha"

Ligandi. Kwenye epithelia yenye afya PD-L1 ni kidogo sana au haipo. Inapanda vurugu zikianza: seli T zinamwaga intafaroni gama, seli za ukuta zikisikia zinatoa PD-L1, kama mama anayetoka na khanga kifuani usiku wa manane kuwaambia sungusungu "jamani mwizi mmoja, msinibomolee nyumba". Kwahiyo PD-L1 kwenye ukuta ni habari kwamba fujo ilishatokea. Uvimbe mwingine hausubiri hata fujo, una hitilafu kwenye jeni zake unapandisha wenyewe. Kuna sehemu mbili zisizofuata kanuni hii na utazihitaji kama kontroo: epithelia ya ndani ya vishimo vya tonsili, na kondo la nyuma. Kondo halina bei, wodi ya wazazi kila siku yanatupwa, omba tu kibali cha maadili mapema.

Breki. Hii ni breki ya lori. Mkia una ITIM na ndugu yake ITSM, SHP-2 anakuja, na ishara ya CD28, kipokezi cha "piga" cha seli T, ndo inayoumia zaidi. Panya wasio na PD-1 wanaugua kweli, aina ya BALB/c moyo unaharibika, aina ya C57BL/6 wanapata kitu kama lupasi wakizeeka. Na kwa binadamu huhitaji hata panya: wagonjwa wanaopewa dawa ya kuzuia PD-1 wengine utumbo unavimba, ngozi inatoka vipele, mapafu yanawaka, thairoidi inachanganyikiwa. Orodha hiyo ukiitazama imejaa kuta. Ndo kusema breki hiyo ilikuwa inafanya kazi pale kila siku kimya kimya na hakuna aliyekuwa anajua.

Ugonjwani na dawa. Hapa hakuna wa kushindana naye. Maabara ya Tasuku Honjo kule Kyoto iliitangaza jeni yake 1992, dawa za kwanza zikaidhinishwa Marekani 2014, pembrolizumab na nivolumab, na 2018 Honjo akapewa Nobeli pamoja na James Allison wa CTLA-4, breki nyingine ya seli T. Mwaka huohuo 2018 pembrolizumab ikaruhusiwa Marekani kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyorudi au kusambaa kama PD-L1 ipo, na kwa Tanzania hiyo ndo saratani inayoongoza kwa wanawake. Kwa watu wa HIV, utafiti wa Durban wa 2006 ulionyesha seli T za CD8 (zile za kuua) zinazolenga HIV zinakuwa na PD-1 nyingi kadiri virusi vinavyokuwa vingi kwenye damu. Kwahiyo hapa hutaitwa mwehu na kamati yoyote, shida yako itakuwa kinyume chake, kila unachowaza mtu keshakifanya Boston.

Mezani. Uzuri wake ni kwamba PD-L1 inasomeka kwenye bloku za nta (vipande vya tishu vilivyohifadhiwa ndani ya nta), na bloku za nta hospitali zetu za rufaa zinazo makabati kwa makabati. Ubaya ni fomalini. Kipande kilichokatwa Alhamisi kikasahaulika kwenye fomalini mpaka Jumanne hakisomeki sawa na kilicholala usiku mmoja, na fomalini isiyo na bafa inaharibu zaidi, afu bloku ya miaka mingi inapoteza rangi. Kabla hujaandika "sampuli 200" nenda kaulize fundi wa maabara, sio daktari, fundi, fomalini wanachanganya wenyewe au wananunua. Kitu kingine kloni za antibodi (yaani matoleo tofauti ya antibodi ya PD-L1) hazifanani, 22C3 na SP263 zinakaribiana lakini SP142 inaonyesha seli za uvimbe chache zaidi, kwahiyo usilinganishe namba zako na za pepa iliyotumia kloni nyingine ukasema "wagonjwa wetu ni tofauti". Kwenye mlango wa kizazi unahesabu alama inayoitwa CPS, ambapo seli za uvimbe, limfosaiti na makrofaji zenye PD-L1 zote unazijumlisha, unagawa kwa seli hai za uvimbe, mara 100. Kaa na mwanapatholojia, usihesabu peke yako.

Anamfaa: mwenye makabati ya bloku na swali linalogusa wagonjwa wa sasa. Pia anayehitaji kumaliza kwa wakati. Anayetaka kugundua kitu kipya kabisa kuhusu ukuta wenyewe atachoka mapema.

NKG2A, anayeomba barua ya mjumbe

Ligandi. NKG2A anatembea na mwenzake CD94 na wanashika HLA-E, mmoja wa familia ya HLA, zile protini za utambulisho juu ya seli. Mnakumbuka barua ya mjumbe wa nyumba kumi? Haikuwa na kazi nyingine zaidi ya kusema "huyu namfahamu, anaishi hapa". HLA-E ni barua hiyo, kwa sababu inachobeba ni vipeptaidi vya mwanzo vinavyokatwa kutoka HLA-A, B, C na G, yaani ikisimama juu ya seli inasema "humu ndani HLA bado zinatengenezwa kama kawaida". Hili limejulikana tangu 1998. Iko karibu kila seli yenye kiini, kwa kiasi kidogo, na intafaroni gama inaipandisha. Hapa ukuta haupimwi kama ukuta, unapimwa kama raia yeyote.

Breki. Ina nguvu na inaeleweka, ITIM mbili. Mkanganyiko uko kwingine: NKG2C, ndugu yake wa kusema "piga", anashika HLA-E hiyohiyo, ila kwa kulegea zaidi. Ukiona HLA-E imepanda huwezi kusema breki imekanyagwa mpaka ujue aliyeko mbele yake ni nani kati ya hao wawili. Na kwetu huku ndo usiseme, maana virusi vya CMV vinazidisha seli NK zenye NKG2C, na Afrika Mashariki karibu kila mtu mzima ameshaambukizwa CMV, wengi tangu wachanga. Mtu wa Ulaya ana kundi la waliokuwa nayo na wasiokuwa nayo, wewe huna. Pima NKG2C kwenye kila bomba, sio hiari. (KLRG1 nayo CMV inaichezea, nimesahau kusema kule juu.)

Ugonjwani na dawa. Monalizumab, dawa ya kuzuia NKG2A, ilikuja kwa kishindo, matokeo ya 2018 yalipendeza sana, afu jaribio kubwa la saratani ya kichwa na shingo likiwa na dawa nyingine, cetuximab, likasimamishwa 2022 kwa kutofaulu. Ilijaribiwa pia kwenye mapafu. Utumbo wenye ugonjwa wa siliaki (ule wa kutovumilia gluteni ya ngano) ni eneo lingine ambapo hivi vipokezi vya familia ya NKG2 kwenye seli T za ukutani vimesomwa sana.

Mezani. Damu inatosha kuanza, na kuna kontroo safi kuliko zote: K562, seli za saratani ya damu zinazokuzwa maabara, haina HLA za daraja la kwanza juu yake, ukiiwekea HLA-E yenye kipeptaidi chake na kuilinganisha na isiyowekewa, unaona breki inavyobana kwa macho. Tatizo ni antibodi za HLA-E, zina tabia ya kushika HLA nyingine, kwahiyo picha ya tishu iliyojaa rangi ya kahawia usiifurahie haraka. Na wale wa kusoma RNA peke yake, angalieni: HLA-E bila kipeptaidi haipandi juu ya seli, kwahiyo RNA nyingi sio barua nyingi.

Anamfaa: mtu wa seli NK, mwenye flo inayofanya kazi na damu mbichi ya kila wiki. Tishu ikiwa ndo kitu pekee ulichonacho, sio chaguo la kwanza.

TIGIT, anayegombea kiti

Huyu nampitia haraka kidogo.

Ligandi. CD155 na CD112. CD155 ndo ileile ambayo virusi vya polio vinaitumia kuingia kwenye seli, ilijulikana kwa kazi hiyo 1989, miaka 20 kabla ya TIGIT kutangazwa 2009. CD112 jina lake jingine ni nektini-2, na nektini zinakaa kwenye mshono uleule wa E-kadherini, kwahiyo TIGIT na KLRG1 kwa namna fulani wanasoma ukurasa mmoja. Sijaona mtu wa kwetu akiwachukua wote wawili kwa pamoja kwenye kipande kimoja cha umio, na natamani. Kwenye ukuta mzima CD155 ni kidogo, seli ikipata msukosuko au ikiwa saratani inapanda.

Breki. Nguvu yake nusu ni ya kwake na nusu ni ya unyang'anyi: CD226, kipokezi cha "piga", kinataka kushika CD155 hiyohiyo, TIGIT anamshinda kwa kushika kwa nguvu zaidi, kama watu wawili na kiti kimoja cha daladala. CD96, kipokezi cha tatu kinachoitaka CD155 hiyohiyo, naye yuko mlangoni anasukuma. Kwahiyo ukipima TIGIT bila CD226 umehesabu aliyekaa hujahesabu aliyesimama.

Ugonjwani na dawa. Tiragolumab, dawa ya kuzuia TIGIT, ilivuma mno na mwaka 2024 jaribio lake kubwa la mapafu halikuongeza maisha ya wagonjwa, na nyingine za kundi hilo zikafungwa. Hiyo haimaanishi baiolojia yake ni uongo. Kuna stori moja tamu, ya 2015, kwamba bakteria wa mdomoni Fusobacterium nucleatum, anayepatikana pia kwenye uvimbe wa utumbo mpana, ana protini yake Fap2 inayoikanyaga TIGIT moja kwa moja. Bakteria ana mguu kwenye breki ya mtu.

Mezani. Kati ya wote wanne huyu ana usumbufu mdogo: antibodi zipo nyingi, anasomeka kwenye flo na kwenye RNA za seli moja moja, damu inatosha. Shida ni kwamba ukimtaka vizuri unahitaji rangi nyingi kwa pamoja, TIGIT, CD226, CD96, na PD-1 maana wanapenda kukaa seli moja, na flo ya rangi nne haitakufikisha.

Anamfaa: mtu wa kompyuta asiye na maabara yake, na mtu wa vijidudu vya mdomoni au utumboni. Anayetegemea pesa za wafadhili wanaofuata dawa, asubiri kidogo upepo utulie.

Sasa kwa hali yako

Una bloku za nta za mlango wa kizazi au umio na miezi kumi: anza na PD-L1, weka E-kadherini kama rangi ya pili kwenye kipande kinachofuata, ni antibodi ya kawaida ambayo maabara nyingi za patholojia tayari wanayo kwa ajili ya matiti. Ukiona sehemu E-kadherini imepotea na PD-L1 ipo umejipatia sura ya pili ya kazi bila kuomba sampuli mpya. Umio nausema makusudi, ukanda wa mashariki mwa Afrika kutoka Kenya kupita Tanzania mpaka Malawi una saratani hiyo kuliko sehemu nyingi duniani, na breki za kinga pale hazijasomwa vya kutosha.

Una damu mbichi na flo lakini huna tishu kabisa: NKG2A pamoja na NKG2C, ukishindwa TIGIT pamoja na CD226. KLRG1 unaweza kuiongeza kwenye bomba hilohilo, ila kwenye andiko iite alama, usiiite breki, maana ukuta haukuwepo kwenye jaribio lako.

Una hadubini nzuri, inkubeta na supavaiza mvumilivu: KLRG1. Nunua kalsiamu kabla ya antibodi. Omba pia mtu akufundishe kukata vipande vya kugandishwa, na usikubali sampuli iliyokaa kwenye bafa usiyoijua.

Huna maabara, una laptop na intaneti ya usiku: TIGIT au PD-1 kwenye data za wazi za seli moja moja. HLA-E na E-kadherini ziache, moja inategemea kipeptaidi na nyingine inategemea umbo, na vyote viwili RNA haivioni.

Wewe ni daktari wa wodi unayetaka kuelewa kwanini mgonjwa aliyerudi na dawa zake za kuzuia PD-1 kutoka India anaharisha mara nane kwa siku: soma PD-1 na utumbo, hayo mengine utayarudia ukipata likizo. Na mgonjwa huyo apimwe leo.

Na kama supavaiza keshachagua na wewe umeshasaini, basi chukua hicho hicho, rudi kwenye kile kipengele cha mezani, na kesho asubuhi kamtafute fundi wa maabara kabla hajaanza kuchanganya fomalini ya wiki.